Huku London Hakuna Sisimizi

Ghorofa ya Juu,
38 Fernhall Avenue,
Kingsbury,
London N.W.9.

Jumapili, 11 Machi 1973

Mpendwa mdogo wangu Muhiddin,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta hapo Mombasa umekaa barazani na kikombe chako, Zainab kando akikusimanga kwa kutokata nywele. Watoto je? Yule mdogo ameshaota meno, au bado anang'ata watu kwa fizi? Na goti la Mjomba Hamad limetulia? Mwambie kuwa jirani yetu hapa, mzee wa Kiingereza, naye analilia goti kila mvua ikinyesha, na mvua ya huku haina msimu, imekaa tu kama mgeni asiyeaga. Wakikutana hao wawili watakuwa ndugu.

Na wewe mwenyewe, hujambo? Usinijibu haraka. Swali hili nitalirudia huko mbele, na safari hii sitaki ile "sijambo" ya barua, ile tunayoiandika kabla hatujajitazama. Nataka ya kweli.

Mimi leo situlii. Nimeshanyanyuka mara tatu tangu niandike tarehe hapo juu. Mara ya kwanza kuzima jiko ambalo halikuwa linawaka, mara ya pili kuchungulia dirishani kama basi limepita, mara ya tatu sikumbuki nilifuata nini. Shaame ananiambia, mke wangu keti, utatoboa sakafu tumwangukie mwenye nyumba. Naye anasema hivyo huku amevaa soksi za rangi mbili tangu asubuhi na hajui. Saa nane mchana ndiyo saa ya kuona wagonjwa, na nataka niwe nimemaliza kuandika kabla ya hapo.

Ndiyo, nimeandika wagonjwa. Baba yuko hospitali, Muhiddin. Hii ni wiki ya tatu.

Najua utafanya nini. Utaitoa barua yangu ya mwezi uliopita kwenye kabati, utasoma "Baba hajambo, anakusalimu sana", kisha utatazama tarehe. Usijisumbue. Siku niliyoandika maneno hayo alikuwa ameshalazwa siku nne. Nisamehe. Tumelelewa hivyo, barua huanza na sisi huku wazima, hofu yetu ni kwako uliye mbali, na mkono unaandika wenyewe kabla moyo haujaulizwa. Baba naye alinikataza. Alisema, "Usimtie mtoto roho juu, yuko mbali, atafanya nini?" Nikamtii. Lakini sikumtii yeye tu, nilijihurumia na mimi, maana kuliandika jambo ni kulikubali.

Basi nikueleze tangu mwanzo.

Mwezi wa Januari baridi ilizidi. Baba akaanza kusema miguu yake imekufa ganzi, anatembea kama anakanyaga pamba. Tukasema ni baridi. Jumapili moja nilikuwa jikoni, yeye chumbani kwake na redio, amekaa mbele ya lile jiko la mafuta ya taa tunalopashia moto vyumba. Mara nikasikia Geeta, mwenye nyumba wetu, anapiga kelele kutoka chini: "Mardhiya! Mkate yako naungua!" Unakumbuka nilikueleza habari za Geeta, yule mama wa Kihindi wa Kisumu aliyekuja mwaka mmoja na sisi, anayeongea nasi Kiswahili chake hicho bila aibu. Nikamjibu sina mkate motoni. Akapanda ngazi, nikatoka, tukakutana mlangoni kwa Baba.

Alikuwa ameegemeza mguu wa kulia kwenye jiko lenyewe, Muhiddin. Soksi imeshika moto, inatoa moshi, na yeye anasikiliza redio. Geeta akamrushia taulo. Baba akatutazama sote wawili kama tumeingia bila hodi. Alipoona kidole kimebabuka akacheka, akasema, "Miaka arobaini nimekaa mbele ya tanuri la mikate, leo jiko la London ndilo la kuniunguza?" Hakusikia maumivu hata kidogo. Nasi tukacheka naye. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba tulicheka.

Akapaka asali, kwa kuwa dawa ya moto ni asali. Akafunga kitambaa, akaniambia nisimkuze. Mimi nina kazi yangu ofisini huko Harrow, Shaame ana yake, jioni kila mtu amechoka, tukiuliza mguu anasema unapona. Akawa anavaa soksi mpaka kitandani. Geeta ndiye aliyenivuta kando wiki ya pili akaniambia chumba kinanuka, na harufu hiyo si ya mafuta ya taa. Nilipoivua ile soksi kwa nguvu, kidole gumba kilikuwa cheusi na unyayo umepanda wekundu hadi kwenye kifundo. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama alikuwa akituambia, na aliyekuwa akificha alikuwa mumewe.

Hospitali swali lao la kwanza lilikuwa: mzee huyu ana kisukari? Nikajibu hapana bila kufikiri. Nilijibu kwa hasira, hata. Baba huyu aliye mwembamba kama chelewa! Si unajua kwetu kisukari ni cha nani. Ni cha mabwana wenye vitambi, wanaopandishwa ngazi kwa kushikwa mikono. Na Unguja tulijuaje mtu ana sukari? Sisimizi. Yule mpangaji wa marehemu mama, alikwenda haja ndogo nyuma ya ua, asubuhi sisimizi wamepanga foleni hadi pale, mama akasema huyu ana sukari, na kweli alikuwa nayo. Sikuwahi kuona sisimizi kwa Baba, basi Baba hana sukari. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu.

Lakini huku London hakuna sisimizi, Muhiddin. Choo kiko ndani, unavuta mnyororo, maji yanachukua kila kitu, nani atakwambia? Baba alikuwa akienda chooni mpaka Geeta akalalamikia mlio wa mnyororo. Tukasema ni baridi, baridi inamkojoza, na sisi wenyewe inatukojoza. Alikuwa anakunywa maji jagi zima. Tukasema jiko la mafuta linakausha koo. Akaacha kusoma gazeti, akasema Waingereza wanaandika herufi ndogo kama mayai ya chawa. Tukamnunulia miwani. Kila dalili tuliipatia sababu ya Kizungu tukalala.

Kisha akazidi kukonda. Sasa hapa sijui nitaandikaje. Tulipomwona anakonda, tukamwongezea sukari. Shaame kila Ijumaa alikuwa akipita Edgware Road kumnunulia halua kwa yule Muomani, kopo zima, ili mzee apate mwili. Mimi nilikuwa nikimtilia chai vijiko vinne na maziwa ya kopo juu yake. Anakunywa, anakonda, namwongezea. Kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Nimenyanyuka tena. Nimekwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Wodini walinionyesha mkojo wake. Wanatia matone matano katika kichupa cha kioo, matone kumi ya maji, kisha kidonge, na kile kidonge kinachemka chenyewe bila moto. Ukibaki buluu, mtu hana sukari. Wa Baba ulipita kijani, ukapita manjano, ukasimama kwenye rangi ya tofali. Daktari akasema si sukari ya jana, imekaa naye miaka, pengine tangu Unguja. Imekula mishipa ya fahamu ya miguuni ndiyo maana hakusikia moto, imegusa macho, na figo nazo wanazitazama. Sasa anachomwa sindano ya insulini kila asubuhi, na sukari imeanza kushuka, alhamdulillahi. Mguu ndio hauna subira.

Katika wodi hiyo kuna sista mmoja, jina lake Foong, Mchina wa Malaya. Siku ya tatu alisimama mbele ya kitanda, akasoma karatasi iliyoandikwa Abdulsamad, akamtazama Baba usoni, akasoma tena. Kisha akamsemesha kwa lugha yao. Unamjua Baba. Ameondoka kwao China akiwa na miaka kumi na mbili, kaja Unguja na ami yake kununua majongoo ya bahari, ami akafa, yeye akaingia kazi ya kuoka mikate ya boflo, akasilimu, akamwoa Bi Kijakazi mama yetu, mtaa mzima ukamwita Mchina wa Boflo. Mimi sijapata kumsikia akisema sentensi tatu za kwao kwa mfululizo. Siku hiyo alifungua mdomo, maneno yakakataa, kisha yakatoka moja moja, na machozi pamoja nayo. Sista akavuta kiti akakaa, na kazi zake zikamngoja.

Baadaye sista alinifuata kwenye korido. Akaniambia usijilaumu kwa wembamba wake, hata madaktari wa hapa wangekosea, wao wanamtafuta mwenye kitambi. Akasema kwao Malaya amewaona Wachina wengi wembamba kama Baba wakiwa na sukari kali, na baba yake mwenyewe, mtu wa kilo hamsini, alipofuka kabla hajajua anaumwa nini. Kisha akaniuliza kwa upole tu, kama anaulizia saa, "Na watoto wake? Nani amemfuata kwa umbo?"

Muhiddin, mimi nimemfuata mama, mapana haya unayajua, umeyacheka tangu utoto. Mimi wamenipima, buluu. Nani amemfuata Baba?

Nilirudi nyumbani na koti sikuvua. Nikatoa picha yako ya Idi, ile uliyopiga na Zainab na watoto mbele ya duka. Nilipoipokea mwezi wa Novemba nilifurahi, nikaiweka kwenye kioo. Siku hiyo nilikaa nayo kitandani nikaitazama kama mwizi. Mashavu yako yamekwenda wapi? Na mkanda. Ncha ya mkanda imezunguka mpaka ubavuni, na suruali imejikunja chini yake kama mdomo wa gunia.

Kisha nikasoma tena barua yako uliyoituma na picha. Uliandika kwa mzaha, na mimi nilicheka nilipoisoma mara ya kwanza. Uliandika kuwa siku hizi mtungi mzima haukutoshi, Zainab anasema ameolewa na ngamia. Uliandika umerudi ujana, nguo zako za skuli zitakuenea. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba karatasi imeanza kukatika kwenye mkunjo. Tangu siku hiyo silali vizuri, sili vizuri, na ofisini nimeandika barua ya mteja mmoja nikampelekea mwingine.

Ndiyo maana nakuuliza tena, hujambo?

Unaamka mara ngapi usiku kwenda haja? Vidole vya miguu ukivifinya unavisikia? Ukisoma gazeti unalisogeza mbali? Usinifiche, na usijifiche. Na usinijibu kwamba huna kitambi. Nami usinielewe vibaya hapo kwenye sisimizi, sitaki ukae nyuma ya ua ukiwangoja. Sisimizi ni wazembe, wanakuja wakati mambo yameshaharibika, na wakati mwingine hawaji kabisa. Nenda hospitali ukapimwe mkojo na damu. Chukua barua hii uondoke nayo kama Zainab atakuuliza unakwenda wapi, au bora umpe aisome, yeye ana akili kuliko wewe.

Sasa nirudi kwa Baba, maana sijakwambia lililo zito.

Wanataka kuukata mguu, chini ya goti. Kidole walishakiondoa wiki ya kwanza, haikusaidia, sumu inapanda. Daktari ameleta karatasi ya kutia sahihi, Baba amekataa. Ameileta tena Jumatano, Baba amegeukia ukutani. Wamesema wanaweza kungoja mpaka Jumanne hii, baada ya hapo hata akitaka huenda isifae kitu. Mimi nimelia, nimegomba, nimempigia magoti kwenye sakafu ya wodi mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaita sista. Shaame amemletea shehe, shehe amemwambia dini haikatazi kuokoa roho. Baba akamshukuru, akamkaribisha machungwa, hakutia sahihi.

Mwishowe alimweleza Sista Foong, si sisi. Alimwambia kwao alifundishwa kwamba mwili ni amana ya wazazi, nywele na ngozi, vyote, unarudisha kama ulivyopewa. Kaburi la mama yake hajaliona. Hakumzika. Kitu pekee alichobaki nacho cha kumrudishia ni huo mwili. "Alinipa miguu miwili," akasema, "nikamtokee na mmoja?" Sista ndiye aliyenitafsiria, Muhiddin. Miaka yote tumemjua kama baba yetu, hatukuwahi kumfikiria kama mtoto wa mtu.

Ijumaa nilikwenda na picha yako. Sikuwa na hila, wallahi, au labda nilikuwa nayo. Nilichoka tu kugombana. Nikampa, nikakaa. Akavaa miwani, akaisogeza mbali, akaivuta karibu, akaigeuzia dirishani. Alianza na watoto, akatabasamu. Kisha akarudi kwako. Nikaona kidole chake gumba kimetua juu ya mkanda wako na hakiondoki.

Akasema, "Mkanda huu nilimnunulia mimi Darajani, siku alipomposa Zainab. Ulikuwa unamfika hapa." Akanionyesha tumboni kwake mwenyewe. Kisha akauliza, "Anakunywa maji?"

Nikamwambia, anakunywa.

Alibaki na picha mkononi mpaka kengele ya kutoka wageni ilipopigwa. Nilipoinama kumbusu akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Akaniambia, "Mwandikie. Mwandikie yote, usimfiche chochote, hata ile soksi. Na chini uniachie nafasi, niletee Jumapili na kalamu." Nikamwuliza, na karatasi ya daktari je? Akafumba macho.

Jana nimeshinda nazunguka nyumba hii. Nimefua pazia. Nimemwaga kopo la halua lililobaki, kisha nikaogopa dhambi ya kutupa chakula, Geeta akanituliza, akasema hata yeye sasa anafunga kopo lake la sukari kwenye kabati. Sijui Baba anataka kukuandikia nini. Labda anataka kukuaga. Mawazo yangu siyapeleki mbali zaidi ya hapo.

Saa saba na nusu sasa. Shaame ameshashika mwavuli. Barua hii naondoka nayo, Baba ataandika, nami nitaitia posta leo hii hii, sitaifungua tena kuirekebisha. Ukiona makosa, ni ya haraka.

Nisalimie Zainab, mwambie nampenda na anisamehe nikimtisha, na akusukume mpaka mlango wa hospitali. Nibusie watoto mmoja mmoja. Mjomba Hamad mpe salamu za goti na za moyo, na umwombe atusomee dua, hata kama Jumanne itakuwa imeshapita barua hii ikifika. Shaame anakusalimu, Geeta pia, ingawa hakujui, anasema mtu wa Mombasa ni jirani. Mwenyezi Mungu akupe afya ya kweli, si ya kwenye barua, na atukutanishe tukiwa wazima, hata kama si kamili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyetulia mpaka nipate jibu lako,

Mardhiya

Muhiddin mwanangu,
Macho hayaoni vizuri, mistari inapinda, usicheke. Nimemwambia daktari alete karatasi. Nimetia sahihi mbele ya dada yako, analia hapa. Mama yangu atanielewa, naye alikuwa mzazi. Mimi natoa mguu. Wewe unatoa mkojo tu. Nenda.
Baba